Fungu la Kitinda Mimba

Dokta hakutibu watu, na jambo hilo lilimharibia jina kwao Kibosho kuliko ambavyo ulevi ungemharibia. Huko mlimani mtu akiitwa daktari anatarajiwa ashike mkono wa mgonjwa, aangalie ulimi, aandike dawa. Udaktari wake yeye ulikuwa wa vitabu na chupa. Siku moja mama mmoja jirani wa kwao alishuka na mtoto mwenye homa, akazipita hospitali zote, akaja moja kwa moja kwenye geti la maabara yetu hapa Moshi. Dokta alitoka na koti lake jeupe, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwa upole kwamba kazi yake ni seli, tena hazitibu, anaziambukiza makusudi ili aone zinavyougua. Yule mama akamuuliza kama mama yake mzazi anajua kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoisomea. Mwishowe Dokta alimbeba mtoto begani, akawapeleka mwenyewe kwa miguu hadi zahanati, akakaa nao kwenye benchi mpaka walipopewa dawa. Aliporudi alikuwa amechelewa kuzilisha seli zake, na hasira zote akatumalizia sisi.

Nilikuwa mtaalamu wa maabara chini yake kwa miaka ambayo nikiihesabu sasa nashtuka. Mimi ni mtu wa Mkuu, Rombo, upande wa pili wa mlima, na yeye hakuniita kwa jina langu hata siku moja. Nilikuwa binti wa Rombo nilipoanza kazi nikiwa msichana, nikaendelea kuwa binti wa Rombo nilipokuwa na watoto na miwani ya kusomea. Nami nilimwita Dokta, kama kila mtu, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Jina lake akiliona limeandikwa mahali atakuja kuniuliza nimepata ruhusa kwa nani.

Kazi yetu ilihusu virusi vinavyoenezwa na mbu, hasa vile vya homa ya dengue. Lakini Dokta hakupenda kuambiwa kwamba anachunguza virusi. Wakija wanafunzi wa udaktari au wakubwa kutoka Dodoma, alikuwa akiwasahihisha kabla hawajakaa: yeye anachunguza mwenyeji. Kirusi, alisema, ni mgeni asiye na jiko. Anaingia kwenye seli ya mtu akiwa amebeba maagizo tu ya namna ya kumtengeneza yeye mwenyewe. Hana moto, hana kuni, hana sufuria, hana mpishi. Vyote anavikuta ndani, ni mali ya mwenye nyumba, na kwa vyombo hivyo vya watu anajipika upya, tena na tena, mpaka mwenye nyumba anaelemewa. Basi swali lake Dokta lilikuwa moja tu maishani. Katika vyombo vyote vya nyumba ile, ni kipi ambacho ukikificha, mgeni atashinda njaa, lakini wenyeji wataendelea kula?

Swali ni jepesi ukilisikia. Ukilifanyia kazi linakumaliza. Seli moja ina protini za aina maelfu, na kila moja ina kazi yake. Tulikuwa tunazima jeni moja ili protini moja ikosekane, tunaingiza virusi, tunangoja, halafu tunapima vimezaliana kiasi gani. Mara nyingi virusi havikujali kabisa. Mara nyingine vilishindwa kuzaliana, tukafurahi, halafu tukatazama kwenye darubini tukakuta seli nazo zimekufa, kwa sababu chombo tulichokificha hata mwenyeji hakuweza kuishi bila hicho. Dokta akiona hivyo alikuwa akisema, "Mgeni hajala, na watoto wamelala njaa." Kisha anavua glovu, anakwenda kusimama dirishani.

Mbu ndiye aliyemshangaza kuliko kitu kingine chochote. Tulikuwa na seli za mbu pia, katika kabati lao lenye joto la chini kidogo, maana seli za mbu hazipendi joto la mwili wa mtu. Virusi vile vile vinavyomlaza mtu kitandani, macho yakiuma na mifupa ikiuma, ndani ya mbu vinazaliana bila vurugu, na mbu anaendelea na safari zake mpaka siku ya kufa kwake. Dokta aliweza kuongea habari hiyo mchana kutwa. Mgeni ni yule yule, alisema, kwa nini nyumba hii inabomoka na ile haitikisiki? Alikuwa na msemo wake kwamba usimlaumu mgeni kabla hujaiona nyumba. Aliutumia hata pale ambapo haukuhusika, kwa mfano kwenye kesi za ndoa za wafanyakazi, na wengine hawakupenda.

Pamoja na hayo yote alikuwa mtu wa ajabu. Alizunguka uwanja mzima wa maabara akimwaga maji yaliyotuama kwenye matairi na makopo ya maua, akimgombeza mlinzi kwa kila kifuniko cha chupa kilichoshika mvua. Kumbe nyumbani kwake, kwenye vyumba viwili alivyopanga huku chini mjini, palikuwa na pipa lisilo na mfuniko, na viluwiluwi vya mbu vilicheza humo bila wasiwasi. Mlinzi ndiye aliyegundua siku alipotumwa kumpelekea funguo. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Baadaye nilipofikiri sikucheka tena, kwa sababu nilielewa kwamba mtu huyu hajawahi kuwa nyumbani kwake mchana hata mara moja, ndiyo maana hajaliona pipa lake mwenyewe.

Alivaa sweta la kijani mwaka mzima, hata mwezi wa pili wakati Moshi inawaka, kwa sababu chumba cha seli kilikuwa baridi na yeye hakukaa kwingine. Akiingia asubuhi alikuwa akizisalimia seli kwa Kikibosho kabla ya kutusalimia sisi. Alizifuga kama sisi tunavyofuga ng'ombe huko mlimani, yaani ndani ya banda, ambapo asipokatiwa majani hana pa kwenda kuyatafuta. Kila baada ya siku mbili tatu lazima zibadilishiwe chakula chao, maji mekundu yenye sukari na chumvi, na zikisongamana zigawanywe kwenye chupa mpya. Anayefuga ng'ombe wa ndani hasafiri, alisema, na aliposema hivyo hakuna aliyethubutu kumpangia safari.

Kutoka dirisha lile alilopenda kusimama, siku mlima ukiwa hauna mawingu chini, unaona vizuri mteremko wa kijani wa Kibosho. Nyumba ya mama yake ilikuwa humo. Si mbali. Barabara ni mbovu, ni kweli, lakini mtu akitoka asubuhi anakunywa chai kwao.

Hapa wasio Wachagga wanahitaji maelezo kidogo. Kwetu sisi, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba. Kaka zake wanapewa sehemu zao au wanakwenda kutafuta kwingine, lakini kitinda mimba anabaki kwenye kihamba, shamba la ukoo, katika migomba ya wazee na makaburi yao, na anabaki na mama. Hilo si ombi, na hakuna kikao kinachokaa kuliamua. Dokta alikuwa kitinda mimba. Kaka zake wawili walikuwa na maisha yao, mmoja Dar na mwingine Mwanza, na hakuna aliyewauliza chochote. Baba alifariki zamani. Mama alikuwa peke yake katika nyumba ambayo mwenyewe yuko mjini anazilisha seli.

Kila Jumapili baada ya misa ya kwanza alikuja kazini, na kabla ya kuvaa koti alimpigia mama yake simu. Aliweka sauti kubwa kwa sababu mama alizungumza kwa mbali, kana kwamba simu itamuunguza. Kikibosho na Kirombo havifanani sana, lakini maswali ya mama yanaeleweka kwa lugha yoyote. Umekula? Nimekula. Kifua je? Hakijambo. Unakuja lini? Na hapo Dokta alikuwa anajibu jambo lile lile kila Jumapili, kwamba anakuja akimaliza hili alilonalo mkononi. Mama alikuwa anasema haya, Mungu akusaidie umalize.

Ikifika Desemba mji wa Moshi unajaa magari ya watu wa kwetu wanaotoka kila pembe ya nchi. Wanapita tu, wote wanapanda. Asiyepanda Desemba ama anaumwa ama ana kesi. Maabara nayo ilibaki na watu wawili wa zamu wa kuangalia mashine, na Dokta, ambaye hakuna aliyempangia zamu. Tulimuaga mmoja mmoja, shikamoo Dokta, heri ya Noeli Dokta, naye alituambia twende tukale nyama, yeye ana watoto wa kulisha. Mimi nilijitolea mara nyingi kumshikia kazi hiyo. Alikataa, eti seli zake zimezoea mkono wake.

Sasa niseme jambo ambalo kila mtu wa maabara analijua. Seli zinaweza kugandishwa. Unaziweka kwenye vichupa vidogo na dawa ya kuzilinda, unazitia kwenye mtungi wa naitrojeni yenye baridi kali, na zinalala humo hata miaka. Ukizihitaji unazipasha moto, zinaamka, kazi inaendelea. Dokta alitufundisha sisi sote kazi hiyo kwa mikono yake mwenyewe. Angeweza kuzilaza Desemba yoyote aliyotaka. Nilimkasirikia kwa hilo, nasema wazi, na mwaka mmoja nilimwambia. Nilidhani atanifukuza chumbani. Badala yake alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, akavuta mikono ya sweta.

"Binti wa Rombo," alisema, "kaka zangu wakipanda wanapanda na bati na saruji. Mama anawaonyesha majirani. Mimi nipande na nini? Nimwambie mama leo nimegundua chombo kingine ambacho sicho?"

Kwetu mtu hapandi Desemba mikono mitupu, na mimi mwenyewe niliwahi kukopa ili nisipande mikono mitupu. Kumbe hakuwa anazikimbilia seli kwa kuzipenda tu. Alikuwa anangoja apate kitu cha kupeleka, na kitu chenyewe alikuwa amekichagua kigumu kuliko bati.

Mama yake hakukata tamaa. Kwa kuwa mtoto hapandi, fungu lake la nyama lilishuka. Kila familia ya kwetu ikichinja, nyama ina wenyewe kabla haijakatwa. Kuna fungu la mkubwa, kuna la shangazi, kuna la mama, kuna la kitinda mimba, na asiyekuwepo anawekewa lake. Kutolipokea ni kusema wewe si wa nyumba ile. Basi kila baada ya Noeli mtoto wa mmoja wa kaka zake Dokta waliopanda alishuka na ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, ndani kuna nyama iliyochemshwa, imefungwa kwenye majani ya mgomba, akaiacha kwa mlinzi. Dokta aliila palepale kwenye kibanda cha mlinzi, akiwa amekunja mikono ya sweta, akimkatia na mlinzi kipande. Watu wa zamu walisema ndiyo siku pekee ya mwaka aliyokaa nje ya chumba cha seli kwa muda wa kutosha jua kumpata.

Mwaka mmoja ndoo hiyo ikaleta tatizo. Mwaka huo sikupanda, mtoto wangu alikuwa na surua. Kwenye zamu alikuwepo dada mmoja mgeni kazini, mtu wa Kwa Sadala, Mchagga mwenzetu, mchapakazi kwelikweli. Mchana alipita getini, mlinzi ameenda kula, akaikuta ndoo mezani inapigwa na jua. Aliambiwa na nani kwamba ni fungu la Dokta sijui, labda alilijua tu kwa kuliona, maana hakuna mtoto wa kwetu asiyejua ndoo kama ile inabeba nini. Nyama ya fungu haiachwi ioze, hiyo ni aibu kwa aliyetuma na kwa aliyetumiwa. Friji la chumba cha chai lilikuwa limeharibika. Akaichukua ndoo, akaipeleka kwenye friji lililokuwa karibu, lile la ndani ya chumba cha virusi, akaiweka rafu ya chini, mbali na chupa zote, akafunga. Alifikiri ameokoa Noeli ya mtu.

Chumba kile kina sheria moja ambayo ni rahisi kuliko amri zote za Mungu. Kilichoingia hakitoki kikiwa kizima. Kinapikwa kwanza kwenye mashine ya mvuke, halafu kinakwenda kwenye kichomea taka. Dokta alifungua friji akaiona ndoo ya mama yake. Nilikuwa nimepita kuchukua barua yangu ya ruhusa, nikamkuta amesimama mbele ya friji lililo wazi, na yule dada pembeni analia. Alikuwa akimsihi, anamweleza kwamba mfuniko haujafunguliwa, ndoo haijaguswa na chupa yoyote, na virusi vyenyewe vya dengue havipatikani kwa kula nyama.

"Najua," Dokta alisema.

"Sasa kwa nini, Dokta?"

"Kwa sababu chumba hiki hakijui nyama ni ya nani. Nikitoa hii leo kwa kuwa ni ya mama yangu, kesho kila mtu ana mama."

Aliipeleka mwenyewe, hakumruhusu mtu amsaidie. Ilipotoka kwenye mvuke aliisukuma kwenye kigari mpaka nyuma ya jengo, akaitia kwenye kichomea taka, akafunga mlango wake wa chuma. Harufu ya nyama ya kuchoma ilitanda uwanja mzima, harufu nzuri ajabu, na watu waliokuwa wakipita nje ya ukuta walipunguza mwendo. Dokta alisimama pale mpaka ilipoisha. Hakumkaripia yule dada, si siku hiyo wala baadaye, na hilo lilimtisha dada wa watu kuliko makaripio.

Angeweza kumficha mama. Mimi ningemficha. Lakini yeye alikuwa mtu wa kuripoti matokeo kama yalivyo, na Jumapili iliyofuata mama alipouliza kama nyama ilikuwa laini, alimwambia ameichoma. Alijaribu kueleza. Nilisikia neno friji, nikasikia neno sheria, yote mawili kwa Kiswahili katikati ya Kikibosho, kwa kuwa lugha hiyo haina maneno hayo. Halafu mama akauliza kama kifua hakijambo. Siku hiyo hakuuliza unakuja lini.

Desemba iliyofuata mlinzi alingoja, Dokta alitoka getini zaidi ya mara moja akijifanya anaangalia matairi. Ndoo haikuja. Haikuja na miaka mingine yote.

Kisha tukapata chombo. Nasema tukapata, lakini ni yeye. Ilikuwa protini isiyo na umaarufu, inayosaidia seli kupanga mafuta yake ndani, na sisi kwa utani tuliipa jina la Sufuria. Tulipoizima katika seli za ini, virusi vya dengue viliingia kama kawaida, vikakaa, vikashindwa kuzaliana. Seli zikaendelea kuishi, zikagawanyika, zikajaza chupa. Dokta alirudia jaribio mpaka sisi tukachoka naye, na kila mara jibu lilikuwa hilo hilo. Siku aliyokubali kwamba ni kweli alivua sweta. Alikaa katikati ya chumba na shati jeupe lililokunjamana, mabega yake yakionekana membamba kuliko nilivyodhani, akacheka peke yake. Jumapili akampigia mama, kwa haraka, hakungoja maswali. Atapanda Desemba. Mama alisema karibu.

Lakini mwili wa mtu si ini peke yake. Virusi vya dengue vinapenda pia chembe nyeupe za damu, na Dokta, akiwa Dokta, asingeweza kupanda bila kuzijaribu na hizo. Tulizima Sufuria ndani yake, tukaingiza virusi, na vikazaliana kama vile hakuna kilichofichwa. Nyumba ile ilikuwa na sufuria nyingine. Nilimpa majibu mkononi. Aliyasoma akiwa amesimama, akasema ni taarifa nzuri, kwamba sasa tunajua jambo ambalo hatukulijua, akalivaa sweta lake. Desemba hiyo hakupanda. Nadhani hata simu hakupiga. Tuliandika tulichokipata, wachache waliokuwa na kazi kama yetu wakakisoma, na wengine huko mbali wanaendelea nacho mpaka leo. Mkubwa mmoja aliyetutembelea alimuuliza ni wagonjwa wangapi wamepona kwa kazi yake, naye akajibu bila kinyongo kwamba hakuna.

Miaka ikapita, akastaafishwa. Alizigandisha seli zake mwenyewe, kichupa baada ya kichupa, akaziandika kwa kalamu isiyofutika, akaufunga mtungi. Katika hafla ya kumuaga alisema maneno machache. Kwamba amemaliza kutafuta, ingawa hajamaliza kupata. Kwamba anakwenda kwao kukaa na mama, kama ilivyompasa. Watu wakapiga makofi. Mimi nililia, na sikujali nani ananiona.

Nilimtembelea baada ya masika. Nilipanda Kibosho kwa pikipiki, tope likinirukia mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe pembezoni mwa migomba, vibaya sana, kama mtu anayefuata maelezo. Alifurahi kuniona kupita kiasi, akaniita binti wa Rombo kwa sauti ya juu, akaniuliza habari za kila mashine. Aliponipeleka kwa mama niligundua kwamba yeye analala kwenye chumba cha nje, kile ambacho kaka zake hufikia wakija Desemba. Alinikaribisha mlangoni kwa mama, akarudi kwenye majani yake.

Mama alikuwa mzee sana lakini mwepesi, macho makali, kila kitu jikoni kwake kikiwa mahali pake. Nilimwamkia shikamoo, nikampa sukari na majani ya chai, akasema aika, yaani asante, akanipa kiti. Nilimwambia lazima amefurahi, hatimaye kitinda mimba yuko nyumbani. Aliendelea kumenya ndizi za mtori.

"Ni mtoto mzuri," alisema. "Anaamka mapema. Anakata majani, mimi nayakata tena akienda kupumzika."

Nikamwuliza kwa upole kama bado ana kinyongo cha ile nyama. Alishangaa kweli.

"Kinyongo cha nini? Mwanangu, siku ile aliponiambia nilielewa tu. Kule ana nyumba yake, na nyumba ina sheria zake. Nikasema basi, nisimngoje. Kumngoja mtu kila siku ni kazi, inakumaliza. Nikajifunza kukaa peke yangu. Nilijifunza kwa shida, lakini nilijifunza." Akaitia ndizi kwenye sufuria. "Sasa amekuja, na mimi sijui nimweke wapi. Nakula saa zangu, nasali kwa sauti, naongea na ng'ombe. Akiwa humu ndani nanyamaza. Ningemwambia, lakini ataumia."

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake, na hilo ndilo lililonichoma. Tulikula mtori sisi wawili. Wa Dokta aliufunika kwenye bakuli, akanipa nimpelekee nje.

Dokta alikula, kisha akanisindikiza mpaka pale pikipiki inapogeukia. Nilitaka kumuuliza kama anajua, nikashindwa nianzie wapi. Hakunisubiri.

"Hajanizoea bado," alisema. "Najua. Mwaka wa kwanza ni hivyo. Mimi nina muda."

"Na asipokuzoea, Dokta?"

"Nitakaa. Kitinda mimba haendi popote."

Tuliagana. Nilikuwa nimekwisha panda pikipiki nilipokumbuka kwamba nimeacha mwavuli wangu jikoni, nikamwomba kijana wa pikipiki anisubiri, nikarudi kwa miguu kati ya migomba. Dokta alikuwa amefika mbele yangu, na bakuli tupu mkononi. Mlango wa nyumba ya baba yake, nyumba ambayo kwa mila zetu zote ni yake, ulikuwa umerudishiwa tu. Hakuusukuma. Alisimama hatua moja nje ya kizingiti, akajifuta tope kwenye viatu, akapiga hodi.

"Nani?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama," alisema, akaendelea kusimama nje.